Mwanasesere Aliyeshonwa kwa Gauni la Dada

Dada yangu mkubwa ni fundi wa kushona, na anaogopa hospitali kuliko watoto wote ninaowauguza. Sindano ya cherehani iliwahi kumtoboa kidole, akaichomoa kwa koleo akaendelea na pindo. Lakini ukimtajia daktari, anakumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni.

Ndiye aliyetushonea mwanasesere wa wodi. Alitumia gauni lake kuukuu, akaficha swichi ndogo tano: kwenye paji la uso, mkono, tumbo, goti na mgongo. Mtoto akibandika plasta hapo na kubonyeza, mwanasesere anasema kwa sauti ya dada, "Asante, daktari. Sasa sijambo." Mtoto akishamtibu, naye hukubali kutibiwa. Nilimsifu dada mpaka nikawa kero kwa wenzangu.

Kisha plasta zikaanza kwenda kwingine. Binti wa kitanda cha dirishani aliinua mkono wa kushoto wa mwanasesere, akabandika chini ya kwapa. Wiki iliyofuata mtoto mwingine, aliyelazwa asubuhi hiyo tu, akabandika palepale. Wa tatu hata kusema alikuwa hajajua vizuri.

Nikamwita dada aje ajionee. Akachuchumaa kando ya binti mgeni wodini aliyekuwa akibandika plasta kwenye kwapa lile.

"Mwanangu, hapo hasemi. Sikuweka kitu hapo."

"Najua, shangazi," mtoto akajibu, akiilainisha plasta kwa kidole gumba. "Anaficha."

Dada akabana mkono wa kushoto ubavuni. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akibeba kila kitu kwa mkono wa kulia, hata ndoo. Nikamvuta hadi chumba cha dawa, nikampapasa kwapani mwenyewe. Uvimbe ulikuwepo, mgumu kama kokwa.

"Tangu lini, dada?"

"Usinigombeze, mdogo wangu. Naogopa."

Kesho yake alikaa mbele ya daktari, amempakata mwanasesere. Daktari akamuuliza anaumwa wapi. Dada akainua mkono wa mwanasesere, akaibonyeza plasta ile.

"Asante, daktari," sauti yake ikasema kutoka kwenye kitambaa. Yale maneno "Sasa sijambo" hayakufuata. Dada akaanza kufungua vifungo.

Anaendelea na matibabu, na daktari anasema tumewahi. Mwanasesere nimemfumua mara mbili. Chini ya kwapa kuna pamba tu.