Ukuta wa Choo Nilioubomoa Mbeya

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Iringa, nyapara alinipa sululu, akanionyesha mstari wa chokaa uliochorwa chini, akasema, "Chimba mpaka kichwa chako kisionekane. Kisha endelea."

Nikachimba. Sikuuliza shimo la nini. Jioni nilipotoka, udongo mwekundu mpaka kwenye kope, ndipo nikaambiwa: choo cha sokoni. Vijana wenzangu wa kwetu, karibu na Tosamaganga, walicheka mpaka wakakaa chini. "Umeacha mashamba ya baba yako ukachimbe choo!" Wacheke. Mimi nilifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe, na sababu nitawaambia.

Ninyi mnaosoma haya hamjui tabu ya haja mjini miaka ile ya hamsini. Siku hizi basi likisimama porini mnaruka, mnasema mnachimba dawa, yamekwisha. Wakati wetu vyoo vizuri vilikuwa na vibao: hiki cha Wazungu, hiki cha Wahindi. Mwafrika aliyetoka kijijini na gunia lake la mahindi, tumbo likimkata, alizunguka mji mzima akitafuta kichaka, na mji hauna kichaka. Akijibanza nyuma ya duka, askari huyo! Nimeona kwa macho yangu mzee mwenye mvi na wajukuu akikimbia barabarani ameshika suruali kwa mikono miwili. Siku hiyo nilisema moyoni, kazi yangu ina heshima kuliko ya karani. Shule niliiacha kabla sijajua kusoma sawasawa, lakini shimo nalijua.

Shimo lina sheria zake. Ardhi ya Iringa ni ngumu, inasimama yenyewe. Ya Mbeya ni nyepesi kama majivu, usipozungushia matofali mdomoni, shimo linajimeza lenyewe na fundi ndani. Juu unalaza bamba, yaani sakafu ya zege yenye nondo, na tundu katikati. Bamba liiname kidogo kuelekea tunduni, maji yasituame. Tundu likiwa kubwa, watoto wanaogopa. Likiwa dogo, watu wazima wanakosa shabaha. Haya sikufundishwa na kitabu.

Nilipohamishiwa Mbeya, tulipita Chimala juu ya lori la saruji, nami nilikuwa fundi kamili. Wakubwa wangu walikuwa wawili. Bwana Afya alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha jikoni. Chini yake Nyapara Mkuu, Mbena, mtu mwenye sauti ya tarumbeta. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa choo cha Waafrika kwenye kituo cha mabasi. Nyapara Mkuu alichora kwa fimbo mavumbini: njia moja, kibaraza kimoja, milango miwili juu ya kibaraza hicho, wanaume kulia, wanawake kushoto.

"Njia moja, mfagiaji mmoja," akasema. "Kazi safi."

Nikakijenga. Kikawa cheupe kama yai! Wanaume wakaingia kwa furaha. Wanawake je? Walifika kwenye kona, wakachungulia kibaraza, wakarudi mbio kwenye mikaratusi nyuma ya kituo. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Mimi na Nyapara Mkuu tuliwasema kwamba hawapendi usafi. Bwana Afya naye akaamuru mikaratusi ikatwe.

"Kama wanawake hapana ingia bado," akasema, "mimi funga upande yao. Nafanya stoo ya mifagio. Nakuja kutazama."

Siku aliyokuja kutazama ndiyo siku lilipoingia basi la Tukuyu.

Alishuka kwanza mzee mmoja wa Kinyakyusa, koti jeusi, bakora mkononi. Akaingia choo cha wanaume, akatoka, akakaa kibarazani kwangu kivulini, akawasha kiko chake. Nyuma ya basi alisimama mwanamke kijana, mjamzito, amejifunika nguo kichwa kizima. Alikuwa anakanyaga mguu huu, anakanyaga ule. Nikamwona anatazama mahali palipokuwa na mikaratusi. Visiki vitupu.

Karibu yangu alikaa bibi muuza ndizi, Mnyakyusa, mtani wangu wa kila siku. Nikamwambia, "Bibi, mwite dada yule, choo hiki hapa."

"Wewe Mhehe, akili umeiacha Iringa kwenye sufuria ya ugali?" akasema. "Huoni yule mzee ni baba mkwe wake?"

"Basi?"

"Basi! Kwetu mkamwana hakutani na baba wa mume wake. Hata njiani akimwona mbali, anaingia porini mpaka apite. Humo kwenye basi ameketi nyuma kajifunika tangu Tukuyu. Ninyi mkawajengea wakwe na wakamwana mlango kwa mlango! Mzee anatoka anafunga mkanda, uso kwa uso na mke wa mwanawe! Afadhali afe."

Nilihisi moto masikioni. Wiki nzima tunawaita wachafu!

"Basi mwambie mzee asogee kidogo."

"Nimwambie nini? Kwamba mkamwana wake amebanwa? Mdomo wangu utaoza!"

Yule mwanamke sasa alikuwa ameinama, ameshika tumbo, analia chini ya nguo. Sikungoja tena. Nikachukua nyundo kubwa, nikazunguka nyuma, nikapiga ukuta wa upande wa wanawake. Puu! Matofali yangu mwenyewe, niliyoyanyoosha kwa timazi! Puu!

Nyapara Mkuu akaja mbio, tarumbeta imefunguka. "Umerogwa? Huo ukuta wa serikali!"

"Serikali haijabanwa, mzee! Huyu amebanwa!"

Nikapiga la mwisho, tundu likatosha mtu kupita. Bibi alikuwa ameshamleta mwanamke kwa kuzungukia mbali, akaniambia, "Geuka huko, Mhehe!" akatandaza kanga yake pale tunduni kama pazia. Nikageuka. Nyapara Mkuu naye akageuka, mkono kichwani.

Kule mbele nikamsikia mzee wa koti akiuliza, "Wanafanya nini huko nyuma?"

"Wanatengeneza, baba!" Bibi akajibu kwa sauti tamu. "Vuta kiko chako."

Mwanamke alipotoka, bado kajifunika, alipiga magoti pale kwenye vifusi. "Ndaga fijo," akasema. Asante sana. Nikaona nyuma yake wanawake wa sokoni, mmoja na vitunguu, mwingine na mtoto mgongoni, wamejipanga kwenye tundu langu la matofali! Wanacheka, wanasukumana, kila mmoja anataka kuingia!

Bwana Afya alikuwa amesimama pembeni. Akatazama tundu. Akatazama mstari wa wanawake.

"Nani vunja?"

"Mimi, Bwana."

Akavuta pumzi. "Weka mlango," akasema, akaenda zake.

Nikaweka mlango, na njia yake, na uzio wa matete. Tangu siku ile, kila choo nilichojenga, Mbeya, Chimala, mpaka Idodi, wanaume walikuwa na mlango wa mbele, wanawake wa nyuma, kila upande na njia yake. Nyapara Mkuu aliwaambia watu kwamba lilikuwa wazo lake. Mwacheni.

Sasa nimestaafu. Nyumbani kwangu kuna vyoo viwili, na majirani wananisema, mzee huyu ana majivuno, ukoo mmoja vyoo viwili vya nini? Mwanangu alioa Tukuyu. Mke wake nakaa naye boma moja na uso wake siujui. Lakini kila asubuhi nikiwa na chai yangu upande wa mbele, nasikia mlango wa nyuma unalia kidogo, unafunguka, unafungwa. Bawaba zile nimekatazwa na mke wangu kuzitia mafuta, ati ndiyo salamu ya mkamwana kwangu. Nami naitikia kwa kukohoa.