Duara la Shimo la Sita

Kiingilio cha klabu ya gofu ya Babati kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, na udogo huo ndio ulionipumbaza. Nilikilipa mbele ya katibu, nikapewa kadi iliyopigwa chapa kwa utepe uliokwisha wino, nikadhani mambo yamekamilika. Sikuwa nimejua bado kwamba viko vyama ambavyo hudai ada yake ya kweli baadaye, na huidai mahali ambapo mtu hakuwahi kufikiri kutoa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, afisa wa wilaya niliyesimamia mashine za vijijini. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, wakati rafu za duka la ushirika zilibaki na viberiti na vumbi, na watu walifulia majani ya mpapai. Dizeli na oili zilitoka kwa kibali, na kibali cha mashine za vijijini kilipita mezani kwangu. Sikuona kuwa hilo lilikuwa na uhusiano wowote na mwaliko wa klabu. Niliamini nimeitwa kwa sababu nimesoma.

Kiwanja kilikuwa kusini mwa mji, kandokando ya njia ya Bonga. Walowezi walikiacha na mashimo tisa, nyumba ya mabati yenye baraza pana, na ubao wa majina ya mabingwa ambayo hakuna aliyeweza kuyatamka. Wakubwa wa idara wakakirithi. Hapakuwa na mmoja aliyecheza vizuri. Walicheza kwa sababu sukari, sabuni na makreti ya bia vilifika barazani pale kabla ya kufika kwingine, na kwa sababu mtu aliyetembea na fimbo ya gofu mkononi hakupanga foleni.

Mke wangu alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa kwanza. Nilipomwonyesha kadi aliigeuza pande zote mbili, kisha akaniuliza, "Wazee wale wanakutakia nini wewe, mtu wa mashine?"

"Wananiheshimu."

"Heshima ya namna hiyo huja na kapu tupu, baba. Angalia usiwe wewe wa kulijaza."

Nilimwambia atapata sabuni ya mtoto. Na kwa kweli sabuni aliipata. Lakini ningekuwa mwongo nikisema nilijiunga kwa ajili ya nepi. Nilijiunga kwa sababu nilitaka kukaa barazani pale na kuitwa kwa cheo changu na watu walionizidi cheo.

Sasa niieleze desturi ya klabu ile, maana humo ndimo kisa kilimo. Kiangazi cha kwetu hakiruhusu majani mororo, kwa hiyo kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga uliolowekwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za magari. Mchanga uliolowa oili hushikamana, hautimuliwi na upepo, na mpira hutambaa juu yake bila kurukaruka. Kila mwanachama alipewa duara moja alitunze kwa mkono na mali yake. Kabla ya mashindano ya mwaka, ambayo wageni wake walitoka miji ya jirani, mwenyekiti alipita na kijiti akichoma kila duara. Ambaye mchanga wake ulikuwa mkavu, jina lake lilifutwa ubaoni mbele ya wenzake.

Mimi nilipewa la sita, ambalo mtunzaji wake alikuwa amehamishwa. Kuku walikuwa wakioga humo.

"Bwana Mashine," mwenyekiti aliniambia, "tumekupa shamba. Humo sasa hata karanga haziwezi kuota."

"Mwache," mwingine alisema. "Huyu kwake oili si tatizo. Sisi ndio tunaolamba magari yaliyokufa."

Walicheka, nami nikacheka. Ukweli ni kwamba mwaka ule oili chafu haikuwepo. Magari ya serikali yalikuwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, na gari lisilotembea halimwagi oili. Nilizunguka gereji zote za mji, nikafika hadi Maisaka kwa mtu mmoja mwenye lori. Nilirudi na chupa mbili. Mashindano yalibakiza wiki tatu.

Wakati huohuo, Bonga kulikuwa na mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama. Walikuwa wameinunua kwa kuuza maharage na kuku kwa miaka minne, waume zao wakiwacheka kwamba wanawake wanajenga kiwanda. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo, mkulima, Mlutheri wa kusali kila asubuhi. Hakujua kusoma, lakini alijua sauti ya injini ile kama mtu ajuavyo kikohozi cha mwanawe. Tangu ianze kusaga, wanawake wa vitongoji vyote vya jirani walikuwa wameviweka vinu uani, kuku wakalalia humo.

Injini ilikuwa imepita muda wa kubadilishwa oili. Walikuwa wameomba kibali kwangu, nacho nilikuwa nimekipitisha, na madebe mawili ya oili mpya yalifika stoo yetu siku ya Jumatatu. Siku ya Jumatano mama yule alikuja ofisini kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza ile oili yetu."

"Haijafika," nilisema.

"Mashine imeanza kupumua vibaya. Tuisimamishe?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimesomeshwa kwa kodi ya watu kama yeye ili nilijue jibu hilo. Nikamwambia, "Hapana haja. Mwageni ile iliyomo, mchuje kwa kitambaa safi, muirudishe. Itawavusha."

"Kitambaa safi," alirudia, ili asisahau. "Wewe ndiye uliyesomea. Mungu akubariki."

Madebe yale niliyamwaga kwenye duara la sita alasiri ya siku iliyofuata. Oili mpya haina weusi. Ina rangi ya asali, na mchanga wangu haukuwa mweusi kama ule wa wenzangu, bali uling'aa kama chapati iliyotoka jikoni. Mwenyekiti wa klabu alipopita na kijiti chake alisimama pale kwa muda mrefu.

"Huyu kaweka asali," alisema. Wenzake wakatazamana. Mmoja akanipiga bega akaniambia sasa nimekuwa mtu mzima. Hapakuwa na aliyeuliza nilikoitoa, na hapakuwa na asiyejua. Nimefikiri sana juu ya dakika ile, na naamini ndiyo niliyopokelewa. Kadi ilikuwa karatasi tu. Kilichowafanya wanione mwenzao ni kwamba sasa nilikuwa na jambo ambalo wangeweza kulisema na wakachagua kutolisema.

Mashindano yalipita. Wiki moja baadaye injini ya Bonga ilinoki.

Nilikwenda kuifungua mwenyewe. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda, na spea zake nilijua hazikuwepo nchini. Mama yule alinisubiri mlangoni akiwa ameshika kitenge kipya, kilicholoa weusi katikati.

"Tulichujia hiki," aliniambia. "Nilinunua cha Krismasi. Labda kina matundu ambayo macho yangu hayaoni. Utusamehe, mwanangu. Tumekuharibia kazi yako."

Nilikipokea kitenge kile, nikakiinua kwenye mwanga kama mtu anayetafuta matundu.

Baada ya hapo wanawake wa Bonga walirudi kwenye vinu, na wenye nguvu walibeba mahindi kichwani hadi mashine ya mjini, wakapanga foleni toka alfajiri. Njia ya mkato ya kurudi ilipita kandokando ya kiwanja chetu. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikicheza na mwenyekiti wa klabu na wanachama wawili. Tulipolifikia shimo la sita tulimkuta mama yule ametua kapu la unga, amekaa ukingoni mwa duara, miguu imenyooka juu ya mchanga.

"Mama, hapo hapakaliwi," mwenyekiti aliita.

Aliinuka upesi, akaomba radhi, akaanza kupangusa nyayo. Kisha mkono wake ukapunguza mwendo. Alichota mchanga kidogo, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu siku kurudi nyuma.

"Mwanangu," alisema, "kumbe ilifika."

"Unamfahamu?" mwenyekiti aliniuliza.

"Ni zamu yangu," nilijibu, nikaupiga mpira. Ulitambaa juu ya duara bila kutikisika, ukaingia shimoni. Wenzangu walipiga makofi. Nilipoinua kichwa, kapu lilikuwa kichwani pake naye anakwenda zake.

Siku tano nilingoja kuitwa polisi. Wakati ule watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko langu. Sikuitwa. Siku ya sita nilipata mgawo wangu wa klabu, kilo mbili za sukari, nikaenda nao Bonga.

Mama yule aliipokea sukari, akanipa kiti, akanipa uji, kwa kuwa mgeni hupewa. Nilimwambia yote. Alisikiliza akipura maharage, na nilipomaliza alisema neno moja ambalo sikulitarajia.

"Uliandike."

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba si sisi. Wanaume wamekaa kikao. Wanasema wanawake wameua mashine kwa uzembe, kikundi kivunjwe, nyumba ya mashine iwekwe mazao yao. Mimi wameshaniondoa. Hao wengine wanapigwa maneno majumbani mwao kila siku. Karatasi yako moja wataisoma. Wewe ndiye uliyesomea."

Nilimweleza kuhusu kazi yangu, kuhusu jela, kuhusu mtoto wangu ambaye hajaota meno. Yote yalikuwa kweli.

"Basi," alisema. Hakurudia ombi lake.

Nilipoaga alinisindikiza hadi barabara ya Dodoma, kama desturi inavyotaka, tukizungumza habari za mvua. Pale barabarani alitoa ile sukari chini ya kanga yake, akaniwekea mikononi.

"Mpelekee mama mtoto," alisema. "Safari njema, mheshimiwa."

Kikundi kilivunjwa mwezi ule. Mimi nilibaki mwanachama miaka mitatu zaidi, hadi nilipohamishwa, na duara la sita likapewa kijana mwingine wa idara. Karatasi ile sikuiandika. Mama yule alifariki kabla sijarudi kuiona Bonga tena, na wajukuu zake, nilipowauliza habari za mashine, waliniambia kuwa ilikuwepo zamani, lakini bibi yao aliiharibu.