Mto Ambao Mwanafunzi Wangu Hakutaka Tuvuke

Kijana aliyetuongoza milimani nilimfundisha darasa la nne, Kimamba, na hilo ndilo lililotuponza. Nalisema mapema ili msomaji asije akamtafuta mchawi kwingine.

Ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka juzi. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na saba na mdogo wangu wa kike hamsini na miwili, na umri wote huo tulikuwa tumeitazama milima ile ya magharibi kila asubuhi bila kuikanyaga hata siku moja. Babu yetu aliletwa bondeni na kazi ya mkonge, akafia bondeni, na sisi tukabaki watu wa bondeni. Mdogo wangu ndiye aliyesikia habari za safari hiyo: siku nne kwa miguu, mnapandia upande wa Kilosa na kuteremkia upande wa Mikumi, kila mtu na begi lake mgongoni, usiku mnalala kwenye mahema.

"Watu wanakwenda Mikumi kwa gari," nilimwambia, "wewe unataka twende kwa magoti?"

"Kama huwezi, Dada, nitakwenda peke yangu."

Alinijua. Mimi ukiniambia siwezi jambo, hapo ndipo ninapolitaka. Tukajiandikisha wote wawili.

Tulikutana asubuhi Kilosa mjini. Tulikuwa wasafiri wanne: sisi wawili, na mume na mke kutoka Dodoma, watu wa ofisini, wenye viatu vipya. Mwenye kampuni, mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, alikuja kutuona tukiondoka. Alitupa mpagazi wa kubeba vyombo na kupika, mzee wa milimani wa rika langu, asiyependa maneno. Na alitupa mwongozaji, mwanamume wa kama miaka thelathini, mabega mapana, ambaye aliponiona alivua kofia akaja mbio.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe nani tena?"

Alipojitaja nikamkumbuka palepale. Mtoto mpole wa dawati la nyuma, anajua jibu lakini hanyooshi mkono. Nilifurahi sana kumwona, sitaki kudanganya. Mwalimu akikutana na mwanafunzi wake mwenye kazi ya maana, hujiona kama naye ana hisa humo.

Jioni ya kwanza, wenzangu wakijinyoosha mbele ya mahema, alinifuata akachuchumaa pembeni yangu. "Mwalimu, miaka sita nimekuwa mpagazi," alisema. "Hii ndiyo safari yangu ya kwanza kuongoza peke yangu. Tukifika salama, mama mwenye kampuni ananithibitisha. Tukiharibu, narudi kwenye mizigo. Naomba unisaidie."

Mtu mwenye akili timamu angeelewa kwamba kijana anaomba awe na msafiri mmoja mtulivu. Mimi, niliyeshika chaki miaka thelathini na mitatu, nilielewa kwamba ameomba msaidizi.

Siku ya pili nikaanza kusaidia. Alipotaka tupumzike nilisema miguu itapoa, twendeni. Alipoeleza habari za miti, nilimrekebisha mbele ya watu, tena mti wenyewe siujui vizuri. Alipotaka kupiga hema karibu na chemchemi, nilisema pale pana umande, tupande juu kidogo. Kila mara alinitazama, akasema, "Sawa, Mwalimu." Kufikia jioni yule mama wa Dodoma alikuwa hamwulizi tena mwongozaji ni umbali gani umebaki. Ananiuliza mimi. Nami nilikuwa najibu!

Mdogo wangu alinivuta kando. "Dada, mwache mtoto wa watu afanye kazi yake."

"Si ameniomba nimsaidie?"

"Unamsaidia au unamfundisha?"

Nikamwambia aangalie anapokanyaga. Ndiyo majibu yangu nikishikwa pabaya.

Siku ya tatu mawingu yalikaa juu yetu tangu asubuhi. Tulipokuwa sisi palidondoka manyunyu tu, lakini huko vileleni palikuwa peusi, na mara kwa mara tulisikia radi ikiburuta kitu kizito. Mabegi yalilowa yakawa mazito maradufu. Yule bwana wa Dodoma alikuwa ameota malengelenge na hakutaka mtu asiyejua hilo. Kambi ya mwisho ilikuwa ng'ambo ya mto mmoja mdogo, akasema mwongozaji, na kutoka hapo kesho yake ingebaki nusu siku ya kuteremka.

Tuliusikia mto kabla ya kuuona. Ulikuwa na upana wa darasa moja tu, lakini maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda na majani mabichi. Mwongozaji alishuka ukingoni, akachomeka kijiti kwenye mchanga, akakitazama. Muda si mrefu maji yakakifikia, yakakizunguka.

"Tunasubiri hapa," alisema.

"Mpaka lini?" aliuliza bwana wa Dodoma.

"Mpaka yashuke. Yanaweza kuwa masaa mawili, yanaweza kuwa kesho."

Bwana yule alitupa begi chini na kusema maneno ambayo sitayaandika. Mkewe akanitazama mimi. Ndivyo nilivyokuwa nimewazoesha, wanitazame mimi. Nikashuka ukingoni.

"Haya maji ya magotini," nilisema.

"Mwalimu, naomba tusubiri."

"Mimi ni mtoto wa Kimamba. Mafuriko nimekua nayo. Maji ya kuogopa nayajua, na haya siyo."

Ni kweli nimekua nayo. Lakini mafuriko yetu ya bondeni huja polepole. Unayaona yanaingia shambani, una muda wa kuokoa kuku na godoro. Ya mlimani nilikuwa sijawahi kuyaona. Ujinga wangu ulikuwa na uzoefu ndani yake, na ujinga wa namna hiyo ndio mgumu kuutoa.

Mwongozaji alimgeukia yule mzee mpagazi. Mzee alikuwa akikaza kamba ya sufuria, akaendelea kuikaza. Baadaye sana nilimwuliza kwa nini hakusema neno. Akanijibu, "Ningeingiaje kati ya mtu na mwalimu wake?"

"Mwalimu," kijana alianza tena, na sauti ilikuwa imeshuka, "huko juu bado inanyesha."

"Na sisi hapa tunalowa. Unataka mdogo wangu apate homa ya mapafu? Funga kamba tuvuke."

Nilitumia sauti ile. Kila mwalimu anayo. Unaitumia mara moja, darasa zima linanyamaza. Nilimwona mtu mzima wa miaka thelathini anasimama wima, mikono ubavuni, kama yuko mstarini.

"Sawa, Mwalimu."

Alivuka yeye kwanza na kamba, akaifunga kwenye mti wa ng'ambo. Maji yalimfika mapajani, si magotini. Alirudi katikati akasimama, akatuambia kwa kupaza sauti tulegeze mabegi, tufungue mikanda ya kiunoni kabla ya kuingia. Bwana wa Dodoma akafungua, akavuka, akafika anacheka. Nami nikawatazama wote kana kwamba nimeutuliza mto kwa mkono wangu.

Akafuata mdogo wangu. Alipoanza kufungua mkanda nilimzuia. "Acha, begi litakuyumbisha." Akauacha.

Alikuwa amefika katikati, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine akimnyooshea mwongozaji, nilipoona maji ya juu yamebadilika. Hayakupanda kidogo kidogo. Yalikuja kwa mkupuo, na ndani yake mlikuwa na gogo. Yule mzee alipiga kelele kwa lugha yake. Gogo likampiga mdogo wangu nyongani, kamba ikamtoka, na mara nikawa naona begi tu. Begi la buluu, juu ya maji, linakwenda. Yeye alikuwa chini yake, kifudifudi, amefungwa nalo kiunoni.

Nilimwita jina lake. Sikumbuki kama nilikimbia au nilisimama. Mama wa Dodoma alinishika nguo kwa nyuma, na mpaka leo sijui kama ningejitosa. Napenda kuamini ningejitosa.

 Mwongozaji aliachia kamba akajitupa. Walipita kwenye kona, sikuwaona tena, na nikabaki na sauti ya mto peke yake. Mzee alikuwa ameshaanza kukimbia kufuata maji, upande wetu wa mto, anarukia mawe kwa miguu mitupu. Niliomba. Niliomba vibaya, kwa kuamrisha, kama ninavyoomba siku zote: usimchukue, usithubutu kumchukua.

Kisha tukasikia filimbi ya mwongozaji.

Tuliwakuta kwenye kona ya pili, ng'ambo, kwenye mizizi ya mti ulioinamia maji. Mwongozaji alikuwa ameukata mkanda kwa kisu. Begi lilikuwa limeshakwenda zake. Mdogo wangu alikuwa anatapika maji, mkono wa kushoto umepinda pasipopaswa kupinda, na kijana amemkumbatia kwa nyuma. Nilikuwa umbali wa hatua kumi na tano na sikuweza kumgusa mdogo wangu wa tumbo moja. Nililia kwa sauti mbele ya wageni.

Mzee alitukataza kusogea. Akatafuta kijiti chake mwenyewe, akakichomeka, akakaa. Sisi watatu upande huu, wao watatu upande ule. Hakuna aliyebishana. Baada ya saa moja na nusu hivi mawe yakaanza kuonekana. Yalipotimia masaa mawili tulivuka, na maji yalinifika chini ya magoti.

Kesho yake tuliteremka kwa mwendo wa kobe, mkono wa mdogo wangu umefungwa kwa vijiti na kanga. Alitembea njia nzima bila kunilaumu, na hiyo ilikuwa adhabu tosha. Mchana tulifika Mikumi, tukampeleka hospitali akafungwa plasta. Mwenye kampuni akatukuta hapo nje, kwenye benchi.

Mwongozaji alisimama kabla hajaulizwa. "Nilipima maji vibaya, mama," alisema. "Nilidhani yameacha kupanda. Kosa ni langu."

Hakuniangalia. Mzee mpagazi alitazama vidole vyake vya miguu. Mume na mke wa Dodoma walitazama barabarani. Nami ningeweza kunyamaza, mambo yakaishia hapo.

Lakini nilijiona nina deni na haki. Nikasimama, nikasema kweli tupu, na nilisema vizuri, maana kusema najua. Nikasema kijana alisoma mto sawasawa. Alichomeka kijiti, alituambia tusubiri, aliniomba mara mbili. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Mkanda wa mdogo wangu pia nilikataza mimi usifunguliwe. Kama kuna wa kulaumiwa, alaumiwe mwalimu wake. Nilipomaliza nilihisi kifua kimekuwa chepesi. Nilidhani nimemwokoa.

Mwenye kampuni alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameniamkia alipofika, na hata sasa aliongea kwa adabu, mikono ameikunja mbele.

"Mwalimu, ulimwambia tuvuke, akavusha watu?"

"Nilimlazimisha."

"Ulimshika mkono?"

"Hapana."

Alishusha pumzi. "Kosa la kupima maji ningemfundisha kwa msimu mmoja. Wengi wanalifanya, hata mimi nimelifanya. Lakini kama aliyajua maji, akavusha watu kwa sababu mkubwa amesema, mimi nitamfundisha nini? Hilo mlimfundisha ninyi, Mwalimu. Na mlimfundisha vizuri."

Akamgeukia kijana. Hakumfokea. Alimwambia msimu huu atarudi kwenye mizigo, na mwakani wataona. Kijana aliitikia kwa kichwa. Ule uongo wake ulikuwa ndio nafasi yake pekee, alikuwa ameupanga njia nzima ya kuteremka, nami nilikuwa nimeuvunja mbele ya watu kwa ufasaha.

Nilimfuata kwenye gari, alikokuwa anapakia mahema. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya ile mizizi.

"Nikasirikie," nilimwambia. "Nitukane ukitaka. Nimestahili."

Aliweka hema la mwisho, akafunga mlango wa nyuma. Nilimwona anatafuta neno, nikajua analo, na lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Siwezi, Mwalimu."