Herufi Zilizovaa Viatu

Enzi zetu herufi zilikuwa zinavaa viatu. Nyinyi mliokulia kwenye simu mtanicheka, ila wa rika langu tuliosoma Mpanda tunazijua: zile za Times New Roman, kila moja na vijiguu vyake chini, imesimama wima kama imekwenda misa ya Pasaka.

Kabla ya hapo mitihani ilipigwa taipu, karatasi zinanuka wino, nusu ya maswali hayasomeki. Halafu kompyuta ikafika steshenari ya Majengo, tukawa tunabanana dirishani kuitazama. Ilikuja na herufi hizo humo humo, wala hakuna aliyezichagua. Ukubwani ndipo nikaambiwa zilichorwa Uingereza kwa ajili ya gazeti, hata kabla ya kompyuta. Sisi tulidhani ni za serikali. Muda si mrefu kila kitu kikaandikwa hivyo: mitihani, mikataba ya viwanja vya Nsemulwa, kadi za harusi, hadi matangazo ya mnada wa ng'ombe.

Bibi yangu Monika, kule Mamba, hakujua kusoma. Akipewa karatasi aliisogeza karibu na macho, kisha anasema, "Hii imetoka mjini. Ina viatu." Sisi wajukuu tulikuwa peku wiki nzima, viatu ni vya kanisani, kwa hiyo tulimwamini kabisa. Nikaanza kuchora viatu kwenye kila herufi ya imla, mwalimu akanichapa kwa kuchelewa kumaliza. Bibi alicheka hadi akakaa chini. Alipotulia akasema, "Mimi nikifa, msiniandike peku."

Wiki hii tunamjengea kaburi, misa ni Jumamosi, na mimi sikai wala silali. Mdogo wangu alimpelekea fundi jina lililochapwa steshenari. Aliponitumia picha ya karatasi hiyo moyo ukanipasuka: herufi nyembamba, laini, peku tupu. Nikampigia binti wa steshenari.

"Times ni ya mikataba, mama. Siku hizi watu wanapenda simpo."

Nikakata simu. Nilidandia gari la Mamba, njia nzima namsumbua dereva aongeze mwendo, maana saruji haisubiri mtu. Nilipofika, fundi alikuwa anaosha mwiko. Jina lilishachorwa.

"Bado mbichi?"

"Inaanza kukaza, dada. Wahi."

Nikachukua msumari wake wa kuchorea, nikapiga magoti. M, N, I, K, A, nikazivalisha moja moja huku nalia. O haina mguu, nikaiacha ilivyo. Saruji ilikuwa inagoma.

Watoto wa leo wana viatu vya kila rangi, herufi zao ndizo zinazotembea peku. Sisi tulikuwa peku, tukaona fahari kwa herufi zilizovaa. Nazimiss siku zile, sitaficha. Vya bibi vimekaa upande kidogo, lakini amevaa.