Pembe Iliyoinama Ukutani Manyamanyama

Juzi nilisimama Manyamanyama, hapa Bunda, nikiwatazama watu wazima wenye ulemavu wa akili wakichora kwenye ukuta wa soko. Mmoja, mwenye ndevu za mvi, alikuwa anachora ng'ombe mwekundu. Muuza dagaa akampigia makofi: "Safi sana, katoto ketu!"

Katoto, na mvi zile! Nilishafungua mdomo nimkaripie, mara mfugaji wa Mugeta akasimama, fimbo begani.

"Mzee mwenzangu, ng'ombe gani huyo? Pembe umekosea."

Mchoraji akashusha brashi. "Sijakosea. Wa mama yangu alikuwaga hivi, pembe moja inaangalia chini."

"Basi alikuwa mbaya!"

"Alitoaga maziwa kuliko wako wote!"

Soko zima likacheka. Mfugaji akavuta kreti akakaa, ubishi ukaendelea.

Nasema wazi: makofi tumempa mchoraji huyu miaka mingi, lakini sijawahi kumwona amenyooka mgongo vile. Mtu humbishia mtu anayemhesabu kuwa sawa naye. Jioni wawili hao walivuka lami kuelekea stendi wakizozana bado, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono kama mtoto.