Kadi za Wafula

Ipo siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu tangu ulipofika hapa umekaa umenuna. Bosi wenu kampa mwenzako kazi ya kufunga seva mpya, wewe kakuacha, na sasa roho inakuuma. Usinifiche. Ugonjwa huo naujua, niliuugua kabla hujazaliwa.

Enzi za utawala wa jeshi nilikuwa natoboa kadi katika ofisi moja ya serikali hapa Kampala. Kompyuta za wakati ule zilisomeshwa kwa kadi za karatasi ngumu zenye matundu, marundo kwa marundo. Mimi nilizaliwa Nsambya, kwenye nyumba za polisi, na Kiswahili ndicho nilichokulia. Kwa hiyo Wafula alipotoka Kenya kuja kufanya kazi kwetu, hajui Luganda hata neno la salamu, mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilimwonyesha mashine ya kutobolea. Nilimfundisha kuchora mstari wa penseli wa mshazari juu ya rundo la kadi, ili kadi ikihama mahali pake mstari ukatike, uone. Halafu ikaletwa kompyuta mpya, imejaa ukuta mzima kama makabati. Nani akapewa kuiandaa? Wafula! Banange, nilikasirika!

Mtaalamu wa kigeni aliyeileta aliogopa hali ya mji, akaondoka kabla hajamaliza. Yote yakabaki kwa Wafula: kuiambia mashine printa yake ni ipi, kanda zake za kuhifadhia habari ziko wapi, kazi gani itangulie na ipi ingoje. Maagizo hayo yote yalikuwa kwenye rundo moja la kadi. Wafula aliingia peku kwenye chumba cha mashine, kilichotiwa baridi, maana viatu viliachwa mlangoni, na kila akitoka anatabasamu. Tabasamu lile lilinikera! Hata alivyokoroga chai yake sikutaka kumtazama. Mimi niliyemfundisha kazi, nikabaki nje ya mlango.

Siku ya kuiwasha tuliitwa sote mle ndani, akaja meja aliyewekwa kuwa mkuu wetu. Yeye viatu hakuvua.

"Wewe Mkenya," akasema, "leo hii mashine natembea ama hapana? Kama nakataa, mimi najua hii ni hujuma."

Hujuma! Siku zile mtu aliyeitwa mhujumu alitiwa kwenye buti la gari, na kwao hawakumwona tena. Na Wakenya ndio waliokuwa wakitazamwa kwa jicho baya zaidi.

Wafula akabeba boksi la kadi, macho yote kwa meja. Mimi nikatazama kadi. Mstari wa penseli ulikuwa umekatika ovyo ovyo; zikisomwa hivyo, mashine itakataa. Baadaye tulikuja kujua kwamba askari wa mlangoni aliliangusha boksi, akaziokota kadi, akanyamaza kwa woga.

Sasa nisikilize vizuri. Sikuona huruma hata chembe. Niliona raha. Nikasema moyoni, mwache ajionee, si alijifanya fundi? Nikafumba mdomo, nikangoja. Akafika kwenye mashine ya kusomea kadi, akanyanyua rundo. Hapo nikaiona miguu yake peku, vidole vimejikunja kwa hofu kando ya mabuti ya meja, nikajikuta nimeshasema.

"Afande, hizi kadi zimetoka kwenye joto. Zikiingia sasa zitakwama. Tupe nafasi kidogo zipoe."

Meja akanikazia macho. "Fanya haraka," akasema, akaenda kunywa chai.

Tukaketi sakafuni tukaanza kupanga. Wafula alipouona ule mstari, jasho likamtoka na baridi yote ile.

"Dada, umeniokoa."

"Panga kadi," nikamjibu. Bado nilikuwa namchukia, sikufichi.

Mashine ikaamka, printa ikaanza kupiga kelele, meja akapiga makofi. Wafula akafanywa mkuu wa chumba, mimi nikarudi kutoboa. Jioni nilimwona akielekea kwake Kisugu, anapiga mluzi, nikamwonea wivu mpaka machozi yakanitoka. Lakini alikuwa anarudi kwa mkewe, kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo sikwambii uache wivu, mwanangu. Mimi sikuuacha, hata leo nikimkumbuka kifua kinanibana. Nuna unavyotaka. Lakini ukiona kosa katika kazi ya mwenzako, mwambie, tena mwambie kabla hajawasha. Usingoje moyo wako utakate kwanza, maana unaweza kuchelewa, naye akaangamia ukiwa bado unausafisha. Mungu akupe kazi itakayoutosha mkono wako, akufungue mdomo kwa wakati wake, na wote unaowaonea wivu wafike kwao salama.