Rangi ya Ataa Panin

Pokuaa alikuwa mtengeneza mabango ya misiba pale Asafo, Kumasi, na siku aliponunua kompyuta ya bei kubwa kuliko zote dukani, mtaa mzima ulisema amerukwa na akili. Kaka yake Nsiah ndiye aliyeongoza kwaya hiyo. Alidai kwa fedha ile mtu mzima na akili zake angeezeka nyumba, na kwamba kompyuta ni kompyuta, zote zinaandika herufi zilezile. Pokuaa hakubishana naye. Hata mwanafunzi akija kumwuliza anunue ipi ya kuandikia masomo, alimwambia wazi achukue ya bei nafuu, asijitese bure. Lakini kazi yake yeye ilikuwa nyuso za watu, na kioo cha mashine yake ya zamani kilikuwa uongo mtupu: unaona sura ya kahawia, unachapa, inatoka rangi ya majivu.

Basi akafa Ataa Panin, muuza vitambaa wa soko la Kejetia, akamwacha pacha wake, Ataa Kakra. Kina mama wale walikuwa weusi, weusi haswa, ule wa kung'aa, nao walijivunia. Vijana wa ukoo wakapeleka picha kwa fundi mmoja, naye akafanya ujinga wanaoufanya mafundi wengi siku hizi: akamng'arisha marehemu mpaka akawa kama mtu ambaye jua halijapata kumgusa. Kakra alilitazama bango, akasema mwanamke huyo hamjui, na matangani kwa mtu asiyemjua haendi. Akajifungia chumbani. Toba! Pacha akose matanga ya pacha mwenzake? Ukoo ungeuweka wapi uso wake?

Wakamkimbilia Pokuaa. Nsiah akamwonya kwamba bibi akilikataa na bango lake yeye, jina lake limekwisha mjini, na lile dude la kompyuta ataliuza kwa bei ya kutupa. Pokuaa aliogopa, nani asingeogopa? Hata hivyo alilipakata dude lake, akaenda nalo mpaka nyumbani kwa Kakra asubuhi, akamkuta bibi anakunywa uji wa mahindi.

"Nana, sijaja kukuonyesha kazi," alimwambia. "Nimekuja kuazima mkono wako."

"Mkono wangu wa nini?"

"Uweke hapa kwenye kioo, kando ya uso wa dada."

Kakra alisonya, lakini akauweka. Pokuaa akaanza kuirudisha rangi, kidogo kidogo. Bibi akasema bado, huyo ni mgonjwa. Akaongeza. Bibi akasema sasa amepitiliza, kwani anataka kumfanya mkaa? Akapunguza. Kila alichogusa kilionekana papo hapo, na kile kioo hakikumficha kitu. Mwisho Kakra akasogeza uso karibu na kioo. Mkono na uso vilikuwa kitu kimoja. Bibi akajifuta macho kwa pindo la nguo yake.

"Kachape," alisema. "Huyo ni Panin."

Nalo bango likatoka vilevile lilivyoonekana kwenye kioo, bila kupungua wala kuzidi. Pokuaa alicheka peke yake pale kwenye mashine ya kuchapia, mpaka wenzake wakamwuliza kulikoni.

Jumamosi bango lilisimama kwenye uwanja wa matanga, kubwa kuliko mlango. Kakra alikuja amevaa nyekundu na nyeusi, rangi za msiba, akaamuru kiti chake kiwekwe ubavuni mwa bango. Waombolezaji wakapita kwa mstari kuwapa wafiwa mikono, na kila aliyemfikia, Kakra alimwambia, "Na dada yangu msalimie." Watu wazima na vyeo vyao wakaligeukia bango na kuinama. Hakuna aliyecheka, maana macho yaliwaonyesha wanawake wawili, rangi moja, wamekaa pamoja kama walivyokaa sokoni maisha yao yote.

Ikafika zamu ya Nsiah. Akampa bibi mkono, akaligeukia bango, akateremsha nguo yake begani kwa heshima.

"Pole sana, Nana," akamwambia marehemu, "kwa kufiwa."

Aliposikia alichokisema alikohoa, kisha akawageukia waliokuwa nyuma yake.

"Hii ni kazi ya dada yangu," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Pokuaa. Tumbo moja na mimi."

Pokuaa alikuwa palepale kwenye mstari. Aliinua kichwa, akasogea mbele, akamsalimia Ataa Panin.